Unaanza kuendesha mashua ya tanga? Tafuta klabu kabla ya mashua

Vijana wengi wanaonijia wakitaka kujifunza tanga huanza kwa kuuliza bei ya mashua. Jibu langu ni lile lile: tafuta klabu kwanza. Pwani yetu zipo, Msasani jijini Dar es Salaam, Tanga, Mombasa. Faida yake kubwa ni watu utakaowakuta pale.

Mashua nyingi za mashindano huhitaji watu wawili au zaidi, na hakosekani nahodha ambaye mwenzake kasafiri au anaumwa. Fika mapema siku ya mashindano, salimia, sema wazi kwamba u mgeni wa kazi ila uko tayari kuelekezwa. Utapewa kamba ya tanga la mbele, na utaambiwa uhamie joshini, upande upepo unakotoka, mashua ikianza kulala. Anza hapo.

Mashindano hufundisha haraka kuliko matembezi. Bendera ya kwanza hupanda dakika 5 kabla ya kuanza, ya pili dakika 4, na hiyo ya pili hushushwa ikibaki dakika 1. Katika muda huo mashua zinazungukana karibu na mstari, na sheria inakuingia mwilini: anayepokea upepo ubavu wa kushoto humpisha anayeupokea ubavu wa kulia, wakiupokea upande mmoja, wa joshini humpisha wa demani, yaani wa upande upepo unakoelekea. Tena, mashua za aina moja hazimpendelei mtu. Laser yako, mashua ndogo ya mtu mmoja, ina urefu wa mita 4.23 sawasawa na ya bingwa, basi akikuacha mbali kwenye kubisha, yaani kwenda upepo unakotoka kwa kupinda huku na huku, mfuate ufukweni umwombe akuonyeshe anavyokaza kamba ya tanga. Sijaona bingwa akikataa.

Halafu usalama. Kusi ikivuma kwa nguvu mwezi wa Julai, mashua ndogo hupinduka, hata ya fundi. Klabu nzuri huweka boti ya uokoaji majini muda wote wa mashindano, na hukufundisha kwanza kupinduka kwa makusudi na kuiinua mashua: kanyaga ubao unaochomoza chini ya mashua, shika ukingo, jivute nyuma mpaka mlingoti uinuke. Ikigoma, baki nayo, usiogelee kuelekea pwani. Wazee wa klabu watakueleza pia mambo ya bamvua, siku za maji makubwa, maana Dar es Salaam tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kuzidi mita 3, na mwamba uliopita juu yake asubuhi unaweza kukuzuia kurudi alasiri.

Ada ni suala la kweli, silifichi. Uliza kiingilio, ada ya mwaka, uanachama wa muda na wa vijana. Uliza kama ada inajumuisha kutumia mashua za klabu. Kwa anayeanza, hilo ni muhimu kuliko bwawa la kuogelea. Klabu nyingi hutaka wanachama wawili wakudhamini. Ukishakuwa baharia wa watu kwa msimu mmoja, wadhamini hao utakuwa nao.