Vifungu viwili, insha moja: nilivyojifunza kwa kumsimulia mamangu

Mara ya kwanza nilipofanya mtihani wa Kiingereza wa Cambridge C2 Proficiency nilipata alama 194. Kiwango cha C2, kilicho cha juu kabisa, huanzia 200; aliye kati ya 180 na 199 hupewa cheti cha C1. Kozi niliyokuwa nikiiomba ilitaka C2, kwa hiyo alama sita ndizo zilizonirudisha Miritini, stesheni ya Mombasa, kupanda tena treni ya Nairobi kwenda kuurudia mtihani. Kusoma na kusikiliza nilikuwa sawa. Kilichonivuta chini ni kuandika, na najua ni wapi hasa: insha ya vifungu viwili.

Kwa asiyeijua, karatasi ya kuandika ni dakika 90 na ina kazi mbili zenye alama sawa. Ya pili unajichagulia aina, na ni maneno 280 hadi 320. Ya kwanza haina hiari. Unapewa vifungu viwili vifupi juu ya mada moja. Ueleze hoja kuu za vyote viwili, uzipime, uongeze na mawazo yako, na yote hayo yaenee katika maneno 240 hadi 280.

Sisi tuliosoma shule za Kenya tunaingia hapo na mazoea ya ufupisho. Kwenye karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ufupisho una alama 15, na wengi wetu tulizisaka kwa kuokota sentensi nzito, kuzikata mikia na kuzipanga upya. Hivyo ndivyo nilivyofanya mara ile. Aya moja kwa kifungu cha kwanza, aya moja kwa cha pili, na mwishoni mstari mmoja wa "mimi naona". Nusu ya maneno hayakuwa yangu. Mtahini atakupaje alama za lugha aliyoiandika mtu mwengine?

Dawa niliipata jikoni kwetu Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, usiku mmoja mamangu akikanda unga wa mahamri. Nilikuwa na karatasi ya mazoezi yenye vifungu viwili kuhusu utalii katika miji ya kale. Akaniuliza nasoma nini. Nikaifunika karatasi nikamsimulia: mmoja asema wageni ndio wanaoiokoa miji hii, kwa sababu pesa zao hutengeneza nyumba ambazo zingeanguka, na wenyeji nao hujivunia mji wao wakiona watu watoka mbali kuja kuutazama. Mwengine asema wageni hao hao hupandisha kodi mpaka wenyeji wahame, na mafundi waache kazi zao za asili watengeneze vitu vya kuuzia wageni tu.

Mama akageuza donge la unga, akasema, "Basi hao hawateti, mwanangu. Mmoja azungumza nyumba, mwengine azungumza watu." Halafu, "Na wewe wasemaje?"

Nilisimama pale nimeduwaa. Insha nzima alikuwa ameipanga. Hoja nne nilikuwa nimezitaja kwa maneno yangu bila kunakili hata moja. Yeye akaonyesha pale vifungu vinapopishana, kisha akaidai hukumu yangu. Niliandika papo hapo, na ndiyo insha yangu ya kwanza iliyosomeka kama imeandikwa na mtu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Walimu wengi hutuambia tuwaze kwa Kiingereza. Kwa mazungumzo nakubali. Kwa insha hii, katika dakika zile kumi za mwanzo, nasema kinyume chake: pitia Kiswahili. Ukikaa ndani ya Kiingereza, maneno ya kifungu yatakuganda, na utakachokifanya ni kubadilisha neno moja moja kwa kisawe chake huku sentensi ikibaki ile ile. Ukivuka upande wa pili maneno hayo yanakuponyoka, unabaki na maana tu. Ukirudi kwenye Kiingereza huna budi kuitafutia nguo mpya. Chumba cha mtihani hakina mama wa kumsimulia, lakini unaweza kuandika pembeni hoja kwa Kiswahili, maneno matatu manne kila moja. Kwa kawaida kila kifungu kina hoja kuu mbili. Ukihesabu tatu tu, rudi ukasome, maana hoja iliyosahaulika hupunguza alama za maudhui, hata Kiingereza chako kiwe kitamu vipi.

Kupima hoja ndiko kunakotushinda zaidi. Tumelelewa tusimkosoe mkubwa, na maandishi yaliyochapwa tunayaona kama mkubwa. Lakini kupima si kumvunjia mtu heshima. Jiulize hoja hii ni kweli kwa nani, na inaacha nini nje. Kwa ile ya pesa za wageni, niliandika kwamba nyumba inaweza kupakwa chokaa na mlango wake wa nakshi ukang'arishwa, lakini ikigeuzwa nyumba ya kulala wageni, mtaa umeokoa ukuta na umepoteza jirani. Sentensi hiyo imetoka Mji wa Kale, naijua kwa macho, na haimo katika kifungu chochote. Tumia ulichonacho. Ila usizidishe: katika zoezi moja nilianza kueleza Fort Jesus tangu Wareno walipoanza kuijenga mwaka 1593 hadi UNESCO ilipoiorodhesha mwaka 2011, nikashtuka maneno themanini yamekwisha na hoja mbili za vifungu hazijaguswa. Mfano wa kwenu usipite sentensi mbili.

Mpangilio ufuate ubishi. Usiufanye ufuate mfuatano wa vifungu. Aya yangu moja huwa ya nyumba, na vifungu vyote viwili huingia humo. Nyingine huwa ya watu, vivyo hivyo. Na chagua vizuri kitenzi cha kumtaja mwandishi. Kudai, kuonya, kukiri na kusisitiza havina uzito mmoja, na ukikichagua kwa makini umeshaanza kupima kabla hujafika kwenye maoni yako. "Anasema, anasema" kumi mfululizo humchosha msomaji.

Kuhusu muda, mimi hugawa dakika 45 kwa kila kazi: kumi za kusoma na kupanga, thelathini za kuandika, tano za kukagua. Zile tano usizile. Ukiandika kwa mkono, jua kabla ya siku ya mtihani mstari wako mmoja hubeba maneno mangapi, ili uhesabu mistari badala ya maneno. Kisha soma ukitafuta kitu kimoja tu, "a" na "the". Kiswahili hakina vijineno hivyo, kwa hiyo jicho letu huviruka bila kuhisi pengo. Mara ya pili nilikuta vitatu vimekosekana katika aya ya mwisho pekee, nikavitia kimoja kimoja, na msimamizi akaja kuchukua karatasi nikiwa nimekwisha kuiweka kalamu.