Maswali na majibu: Lubumbashi jua linapochomoza

Wasomaji wengi wametuuliza jinsi ya kupiga na kuhariri picha za mji alfajiri. Tumechagua maswali sita; jina katika mabano ni komuni ya Lubumbashi anakotoka aliyeuliza. Mtaona kwamba mara nyingi jibu linaanzia mahali uliposimama, si kwenye programu.

Kuna siku nafika jua limeshatoka, siku nyingine nakaa gizani muda mrefu. Nifike saa ngapi? (Kampemba)

Lubumbashi jua halichomozi saa ileile mwaka mzima. Mwanzoni mwa mwezi wa 11 linatoka kabla ya saa 11 na dakika 40 alfajiri. Katikati ya mwezi wa 7 linachelewa hadi saa 12 na nusu hivi. Rangi nzuri zaidi, ile bluu inayoanza kuingiwa na wekundu chini, hukaa dakika 21 hadi 23 tu kabla ya jua lenyewe, kwa sababu huku kwetu jua hupanda karibu wima. Fika dakika 45 kabla. Robo saa ya kwanza ni ya kufunga tripodi, kunyoosha kamera na kulenga taa ya mbali. Baada ya hapo angalia histogramu (mchoro wa kamera unaoonyesha mgawanyo wa giza na mwanga kwenye picha) kila dakika mbili, maana kasi ya shata iliyofaa sasa hivi, baada ya dakika tatu itakuwa imeunguza anga.

Nataka jua kubwa nyuma ya bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Kila nikipiga, jua linakuwa kadoa na liko pembeni. (Katuba)

Hapa kuna mambo mawili, na yote ni hesabu.

La kwanza ni ukubwa. Jua lina upana wa nusu digrii angani, popote uliposimama. Ukiwa mita 1,000 kutoka kwenye jengo, jua linafunika kiasi cha mita 9 za jengo hilo. Ukirudi nyuma hadi kilomita 3, linafunika mita 28. Kwa hiyo anayetaka jua kubwa asisogee karibu: arudi nyuma, kisha atumie lenzi ndefu, milimita 200 au zaidi. Kwa lenzi ya milimita 24 jua lina upana wa robo ya milimita hivi kwenye kihisi cha kamera. Hakuna uhariri utakaoliokoa.

La pili ni upande. Mwezi wa 6 jua linachomoza digrii 24 kaskazini ya mashariki kamili, na mwezi wa 12 linachomoza digrii 24 kusini yake. Mwezi wa 3 na wa 9 linahama kila siku karibu digrii 0.4, yaani upana wake wote ukitoa kidogo. Ukikosa leo, kesho mahali palepale hapafai tena. Karibu na tarehe 21 ya mwezi wa 6 au wa 12, jua hukaa karibu pale pale kwa wiki nzima, na ndiyo majuma ya kufanyia kazi hii kwa utulivu.

Kuna kosa linalowapata hata waliopiga hesabu ya ramani vizuri: wanalenga pale jua linapochomoza, wakati wao wanalitaka juu ya kilele. Tuseme jengo lina mita 50 na wewe uko mita 1,000. Kilele kiko karibu digrii 3 juu ya upeo wa macho, na jua litafika pale dakika 12 baada ya kuchomoza. Katika dakika hizo litakuwa limeteleza kushoto, kuelekea kaskazini, zaidi kidogo ya nusu digrii. Ukiwa umbali huo, sogea mita 10 kulia ili ulirudishe nyuma ya jengo. Ndiyo maana ni afadhali usimame mahali penye nafasi ya kutembea kando, kama ukingo wa barabara ndefu, kuliko juu ya paa dogo.

Kumbuka pia kwamba kuliona jua nyuma ya bomba ni lazima uwe magharibi yake. Ukisimama upande wa katikati ya mji, jua liko mgongoni mwako, na utapata picha nyingine nzuri: bomba na terili (lile lundo jeusi la masalia ya kuyeyusha madini) vimepigwa na mwanga wa dhahabu ubavuni. Hapo kamera itadanganywa na weusi wa terili na kuiangaza mno hadi iwe kijivu. Punguza mwangaza kwa theluthi mbili za kituo (kituo kimoja ni kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza kwa nusu). Baki kwenye barabara za watu wote, omba ruhusa unapopaswa kuomba, na usichungulie jua kwa lenzi ndefu kupitia kitundu cha kioo. Macho hayana akiba.

Anga ikiwa nzuri, majengo yanakuwa meusi. Nikiyaonyesha majengo, anga inakuwa nyeupe. (Kenya)

Piga fremu tatu bila kugusa tripodi, zikiachana vituo viwili viwili: kwa mfano 1/125, 1/30 na 1/8 ya sekunde, tundu likibaki f/8 na ISO 100. Hifadhi kwa RAW, yaani faili ghafi la kamera. Kisha ziunganishe kwenye programu yako na uwashe sehemu ya kuondoa vitu vilivyosogea, la sivyo moshi na matawi yatajirudia mara tatu kama vivuli.

Tatizo kubwa huanza baada ya kuunganisha. Watu huvuta vivuli hadi mwisho, na ghafla mji wa alfajiri unafanana na mji wa saa sita mchana chini ya anga nyekundu. Jicho linakataa mara moja. Majengo yaliyo mbele ya jua yana haki ya kuwa na giza. Acha madirisha machache na ukingo wa mabati vionekane, basi. Halafu kuza picha hadi asilimia 100 na ufuate mstari wa mapaa kutoka kushoto hadi kulia. Ukiona uzi mweupe unaoandamana na mabati, kinyago cha anga (eneo ulilolitenga ili uhariri anga peke yake) kimevuka ukingo au umezidisha ukali wa maumbo. Rudisha nyuma hadi uzi upotee, hata kama anga itapungua kidogo.

Mizani ya weupe, yaani mpangilio unaoamua rangi ya mwanga kwenye picha, isiachiwe kamera. Ikiwa ya kujiamulia, itaona rangi ya chungwa kama kosa na kuifuta. Anza na Kelvin 5,500.

Kuanzia mwezi wa 6 hadi wa 9 picha zangu zote zina utando wa kijivu. Niufute? (Ruashi)

Usiufute wote. Ni vumbi na moshi wa majani yanayochomwa kiangazi, na ndio unaofanya jua liwe duara jekundu unaloweza kulipiga bila kuunguza picha. Pia unatenganisha safu za majengo: ya mbele meusi, ya katikati ya kahawia, ya mbali hafifu. Kitelezi cha kuondoa ukungu kisipite 15, na kitumie sehemu ya chini ya picha tu. Ukikipeleka 50, anga itajaa chenga, na kila doa la vumbi kwenye kihisi litatokea kama tone la wino. Madoa hayo yafute kwanza, kabla ya jambo lolote.

Bomba na nguzo zinainama kuelekea ndani. (Kamalondo)

Umeinua kamera juu. Inyooshe iwe sawa na ardhi, na kama kilele kinakatwa, rudi nyuma. Ukirekebisha kwenye programu, anza na kasoro za lenzi, kisha mistari ya wima, na mwisho ndipo ukate kingo. Marekebisho hayo hula pembe za picha, kwa hiyo acha nafasi ya ziada pande zote unapopiga.

Kwenye simu anga ni laini, lakini nikiituma kwa WhatsApp inatoka na mistari mistari. (Annexe)

Faili la JPEG lina ngazi 256 tu kwa kila rangi, na anga ya alfajiri inahitaji ngazi nyingi zilizokaribiana. Ukivuta rangi sana kisha WhatsApp ikaikaza tena, ngazi hizo zinaachana na kuonekana. Piga kwa RAW kama simu inaruhusu, hariri humo, ongeza punje kidogo sana kwenye anga, hifadhi kwa ubora wa 90, na utume kama hati badala ya picha. Kwa kuchapisha sentimita 30 kwa 45, fundi atahitaji pikseli 3,543 kwa 5,315 akichapa kwa nukta 300 kwa inchi. Kwa picha ya ukutani inayotazamwa kutoka mbali, nukta 200 zinatosha.