Jibu: Commodore 64 iliyokaa stoo Tanga

Ndugu, umeuliza kama Commodore 64, ile kompyuta ya nyumbani ya zamani, uliyoachiwa na mjomba wako hapo Ngamiani unaweza kuichomeka kwenye umeme moja kwa moja. Nakusihi usiichomeke kwanza. Adapta yake ya asili, ya miaka ya 1980, ikichakaa huweza kupandisha umeme wa ile njia yake ya volti 5 kupita kiasi na kuunguza chipu za kumbukumbu, ambazo kuzipata kwetu ni kazi kweli. Kwa hiyo ipime kwa kipima volti kabla ya kuiunganisha na kompyuta, na njia hiyo ikizidi volti 5.2 achana na adapta hiyo kabisa. Halafu fungua kasha utazame miguu ya chipu, maana hewa ya chumvi ya pwani yetu huleta kutu. Isafishe taratibu kwa brashi laini na spiriti, kisha iache ikauke.