Kosa la Mkufunzi Husomwa Kwenye Karatasi za Wanachuo

Maswali ya safari hii yametoka kwa wakufunzi wa vyuo mbalimbali vya Mtwara na Lindi, wengi wao wakiwa wametoka kusahihisha mitihani ya muhula. Karibu yote yanahusu jambo moja: mkufunzi afanye nini anapogundua kwamba amefundisha vibaya? Nimefundisha hesabu katika vyuo vya ualimu vya kusini kwa miaka mingi, na makosa yangu nitayaeleza pale yanapohusika. Majina ya waulizaji nimeyaacha kama walivyoomba.

Shikamoo mwalimu. Ninafundisha umeme wa majumbani katika chuo kimoja hapa Lindi mjini. Katika jaribio la mwisho, zaidi ya nusu ya darasa langu walishindwa. Wenzangu wanasema vijana wa siku hizi ni wavivu. Nitajuaje kama kosa ni langu au ni lao?

Marahaba. Usianze na jumla ya alama, kwa sababu jumla haisemi mtu amekosa wapi. Kaa na karatasi zote mezani, usome swali moja kwa wanachuo wote kabla ya kwenda kwenye swali linalofuata. Ukikuta kila mmoja amekosa kwa namna yake, huenda kweli hawakujiandaa. Ukikuta wengi wamekosa kwa namna ileile, tuseme wote wameweka swichi kwenye waya wa nyutro badala ya waya wa moto, basi kuna mahali walipojifunza kosa hilo au walipoachiwa mwanya wa kulifikia, na mara nyingi mahali hapo ni katika kipindi chetu.

Mimi nilijifunza hivyo kupitia somo la asilimia. Nilikuwa nikilifundisha kwa mauzo ya korosho: kilo za korosho ghafi zilizopokelewa ghalani, bei ya mnada, makato ya chama cha msingi cha ushirika na ya usafirishaji, kisha fedha inayobaki mkononi mwa mkulima. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima hukabidhi korosho ghalani, hupewa stakabadhi, kisha mzigo huuzwa kwa mnada, ulikuwa umeanza kutumika kwa korosho za Mtwara katika msimu wa 2007/2008, ukizungumzwa kila kona, nami niliamini kwamba sijawahi kupata mfano ulio karibu na maisha kuliko huo. Darasa lilichangamka, nikaridhika. Nilipozipanga karatasi za jaribio swali kwa swali, niliona kwamba waliokosa walikuwa karibu wote wanachuo waliotoka Mara, Kagera na Kigoma, na walikosea mahali pamoja: hawakujua makato yanatolewa kutoka kwenye kiasi kipi. Asilimia waliijua, ila mnada hawakuwahi kuuona. Wale waliochangamka walikuwa watoto wa Newala na Tandahimba, ambao hesabu hiyo hupigwa nyumbani kwao kila msimu, nami nilikuwa nimewachukua hao kuwa ndio darasa zima. Tangu siku hiyo, kabla sijatumia mfano wowote huuliza ni nani hajawahi kukiona kitu hicho, na anayekijua humweleza asiyekijua kabla hatujagusa namba.

Sikatai kwamba wapo wasiosoma. Ninachoomba ni kwamba neno "wavivu" lisitamkwe kabla karatasi hazijasomwa.

Mimi ni mhadhiri msaidizi, Mtwara mjini. Kila nikiuliza "Mmeelewa?" darasa zima hujibu "Ndiyo". Mtihani ukija, naona hawakuelewa. Je, wananidanganya?

Hawakudanganyi. Swali hilo lina jibu moja tu la adabu, na kijana aliyelelewa kumheshimu mkubwa atakupa jibu hilo. Isitoshe, vijana wetu wengi wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari na chuo kwa Kiingereza, hivyo mtu anaweza kuwa na wazo kamili kichwani na akakosa sentensi ya kulitolea.

Kuna mambo mawili ninayokushauri. La kwanza ni kusubiri. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alichunguza madarasa katika miaka ya 1970 na kuona kwamba walimu, baada ya kuuliza swali, husubiri kwa wastani wa kama sekunde moja tu kabla ya kujibu wenyewe au kumtaja mwingine. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalikuwa marefu zaidi na wanafunzi wengi zaidi walishiriki. Kwa anayejibu kwa lugha ya pili, mimi ningesubiri hata sekunde kumi. Ukimya huo utakuumiza wewe zaidi ya utakavyowaumiza wao.

La pili ni kubadili swali lenyewe. Eric Mazur, aliyefundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, alikuwa akiamini anafundisha vizuri, maana wanafunzi wake walikokotoa maswali magumu na kumsifu. Mnamo 1990 alisoma kuhusu jaribio la maswali mepesi yanayopima dhana, akaamua kuwapa wanafunzi wake maswali ya namna hiyo. Mojawapo ya maswali yanayojulikana katika majaribio hayo ni hili: lori zito na gari dogo yakigongana, lipi husukuma jingine kwa kani kubwa zaidi? Jibu ni kwamba kani ni sawa, lakini wengi husema lori. Mwanafunzi mmoja alimuuliza Mazur kama ajibu kwa namna alivyofundishwa au kwa namna anavyofikiri yeye. Swali hilo lilimfanya abadili ufundishaji wake: akawa anatoa swali la dhana, kila mmoja anajibu peke yake, kisha anajadiliana na jirani na kujibu tena.

Hilo halihitaji kompyuta. Katika darasa la watu themanini, waombe wainue vidole mbele ya kifua, kimoja kwa jibu la kwanza, viwili kwa la pili, utaona mara moja darasa limegawanyikaje. Waruhusu wajadiliane kwa Kiswahili, kisha waandike kwa Kiingereza. Najua wapo wanaolipinga hili, lakini sijaona faida ya kumzuia mtu kufikiri kwa lugha anayofikiria.

Niko Masasi. Mwanachuo alinisahihisha mbele ya darasa nikamnyamazisha. Nyumbani nikafungua kitabu, nikakuta yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Sasa ninaona haya. Nimwite ofisini?

Mwite ikiwa unataka kumwomba radhi kwa ukali wako, lakini kosa la somo lisahihishe darasani, kwa sababu wote waliokuwapo walibaki na maelezo yasiyo sahihi kwenye madaftari. Katika kipindi kijacho, kabla ya mada mpya, andika ubaoni ulichosema awali, andika kilicho sahihi chini yake, ueleze tofauti, kisha useme kwamba mwenzao aliliona kosa hilo nawe hukumsikiliza. Dakika tano zinatosha. Usijitetee kwa uchovu wala kwa wingi wa vipindi, hata kama ni kweli. Kwa walimu tarajali, yaani wanaosomea ualimu, jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa namna utakavyolibeba kosa lako ndivyo nao watakavyoyabeba yao mbele ya watoto.

Ninafundisha kilimo, Mtwara. Wanachuo wangu walijibu vizuri swali la ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, lakini tulipokwenda shambani hawakuutambua kwenye mkorosho.

Umefundisha kwa kalenda ya chuo, na mkorosho una kalenda yake. Ubwiri unga hushambulia machipukizi na maua machanga wakati wa kiangazi, na mikorosho ya huku huchanua kuanzia katikati ya mwaka. Aliyefundishwa mwezi Machi kwa picha ameijua picha, na hajui ule unga mweupe wa kijivu unavyoonekana asubuhi kwenye ua lililo hai, wala hajui kwa nini mkulima huanza kupulizia salfa mara tu maua yanapoanza kutokeza. Pitia upya azimio lako la kazi, yaani mpango wa mada za kila wiki. Mada zisizotegemea msimu, kama utunzaji wa kumbukumbu za shamba, zitangulie, na ugonjwa huu usubiri miezi yake. Ikiwa ratiba haikubali kabisa, fundisha nadharia sasa na uweke siku moja ya shamba baadaye, ambayo itapimwa kwa alama.

Mtihani umebaki wiki tatu na mada nne hazijafundishwa. Nikimbize? – Nachingwea

Usikimbize zote. Chagua mbili ambazo nyingine zinazitegemea, uzifundishe sawasawa, na zilizobaki uwape kazi ya kusoma yenye maswali. Kisha andika kwenye azimio lako ni wiki ipi ulianza kuchelewa na kwa nini.

Nimestaafu mwaka huu, niko Newala. Nikipitia maandalio yangu ya zamani ninaona mambo niliyoyafundisha kimakosa kwa miaka, na wanachuo wale sasa ni walimu. Kuna lolote ninaloweza kufanya?

Lipo, na ninakusihi ulifanye. Kwa muda mrefu niliwapa walimu tarajali kanuni nyepesi: kuzidisha huongeza, kugawanya hupunguza. Ni kweli kwa namba nzima zinazozidi moja, nami nilikuwa nikiishia hapo. Mwaka mmoja nilikwenda kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule ya msingi wilayani Tandahimba, nikayakuta maneno yangu ubaoni kwa mwandiko wa mwalimu niliyemfundisha mimi mwenyewe. Mtoto mmoja alizidisha 8 kwa 0.5, akapata 4, akasita, akalifuta na kuandika 40, kwa sababu jibu lilikuwa dogo kuliko 8. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Baada ya kipindi nilikaa na yule mwalimu chini ya mkorosho, nikamwambia kwamba kosa lile ni langu, tukaandaa pamoja somo la kesho yake tukianzia kwenye nusu ya mikate minane.

Usijaribu kurekebisha kila kitu. Chagua makosa mawili au matatu yanayowafikia watoto moja kwa moja, na kwa kila moja andika ulichofundisha, kilicho sahihi, na mfano mmoja ambao mwalimu anaweza kuutumia kesho asubuhi. Tuma kwenye kundi la WhatsApp la waliohitimu, na wasiokuwamo waombe wenzao wawafikishie. Mimi nilifanya hivyo jioni niliyorudi. Wa kwanza kujibu alikuwa mwalimu wa Liwale, ambaye hakusema lolote kuhusu kosa langu. Aliomba mfano wa kugawanya, 6 kwa 0.5, nikamwandikia kwamba achukue lita sita za maji na chupa za nusu lita, watoto wazijaze na kuzihesabu.