Mwanao anajua penseli imetoka kwenye jiwe gani? Maswali yenu kuhusu watoto na madini

Maswali ni mengi, yanayofanana nimeyaunganisha, twende.

Mwanangu yuko darasa la nne, anakariri majina ya madini kama kasuku ila hajui yanafanya kazi gani. Naanzia wapi?

Hiyo orodha iweke pembeni kwanza. Anza na kitu alichoshika halafu mrudi nyuma taratibu mpaka mfike kwenye jiwe. Chukua penseli, ndani hamna risasi (ile metali, si ya bunduki) hata chembe, ni kinywe (grafiti, madini meusi laini) kilichosagwa kikachanganywa na udongo wa mfinyanzi kikachomwa, udongo ukizidi penseli inakuwa ngumu na mwandiko hafifu, kinywe kikizidi inakuwa laini na nyeusi tii, ndo maana ubavuni kuna zile herufi H na B. Mpe penseli mbili tofauti aandike aone mwenyewe. Akishaelewa mwambie kinywe na almasi vyote ni kaboni, tofauti ni jinsi chembe zake zilivyojipanga tu, halafu jiandae maana hapo atauliza mpaka uchoke. Siku nyingine hamia kwenye kioo cha dirisha (mchanga, magadi na chokaa vimeyeyushwa pamoja), waya wa umeme ambao ni shaba, na chaki ambayo siku hizi nyingi ni jasi. Kitu kimoja kwa siku kinatosha jamani, msiwachoshe.

Huku kwetu hakuna mgodi wowote, sasa madini ya eneo letu nitamwonyesha yapi?

Mgodi upo, sema hamuuiti mgodi! Mchanga wa kujengea mnautoa wapi? Na kokoto, na udongo wa matofali? Umoja wa Mataifa kupitia shirika lake la mazingira, UNEP, unakadiria dunia inatumia tani bilioni 40 mpaka 50 za mchanga na kokoto kila mwaka, dhahabu haioni ndani.

Mazoezi mawili rahisi: funga sumaku kwenye mfuko wa plastiki, ipitishe kwenye mchanga mkavu, zile chembe nyeusi zinazonasa mara nyingi ni magnetaiti, madini yanayotoa chuma. La pili, kwaruza jiwe mpaka litoe unga kidogo, dondoshea siki, likitoa povu basi lina chokaa, na chokaa hiyohiyo ikichomwa na udongo kwenye joto la nyuzi kama 1,450 ndo unapata saruji.

Makaa ya mawe na mafuta nayo ni madini?

Kisayansi hapana, yametokana na mimea na viumbe vya zamani sana. Ila sheria za uchimbaji za nchi nyingi zinayaweka makaa kwenye kundi la madini, kwa hiyo mwalimu akisema ndiyo usigombane nae.

Nimemwambia binti yangu simu imejaa madini, kacheka.

Mhesabie: lithiamu kwenye betri, mara nyingi na kobalti, shaba kwenye njia za umeme, dhahabu kiduchu kwenye viunganishi kwa sababu haishiki kutu, na tantalamu, metali inayotoka kwenye madini yanayoitwa koltani. Mhesabie kwa mdomo tu, betri asifungue, inaweza kushika moto.

Naweza kumpeleka kwa wachimbaji wadogo akajionee?

Hapana, na hapa sitanii. Dhahabu ikichomwa na zebaki ule mvuke ni sumu, na mtoto unamuumiza kuliko mtu mzima. Kule Zamfara, Nigeria, mwaka 2010 ilikuja kugundulika watoto wamekufa kwa sumu ya risasi, zaidi ya 400, kwa sababu mawe ya dhahabu yenye risasi yalikuwa yanasagwa majumbani na vumbi likatapakaa walikokuwa wanacheza. Bado hujataja mashimo yaliyoachwa wazi. Mpeleke barabara ilipokata kilima, mkae mbali kidogo na ukingo, tabaka za mawe mtaziona vizuri tu.

Mtoto kaokota jiwe linang'aa kama dhahabu, tumekuwa matajiri?

Hahaha ngoja kwanza. Lisugue upande wa nyuma wa tailizi, ule usio na rangi ya kung'aa. Mstari ukiwa mweusi wenye ukijanikijani hiyo ni pairaiti, chuma na salfa. Dhahabu inaacha mstari wa njano. Kama linabanduka vipande vyembamba kama karatasi basi ni ulanga, na huo mwache auweke kwenye mkusanyiko wake, anawe mikono tu akimaliza.