Kupima vyeti vya tovuti kwa skripti: usisome faili, gonga mlango

Ndugu wa Malindi, umesema una tovuti nne za nyumba za wageni, kila mwezi wazifungua moja moja kutazama kama kufuli lipo (yaani kama cheti, hati ya kidijitali inayothibitisha tovuti ni yenyewe, bado ni hai), na sasa wataka kazi hiyo ijiendeshe kwa skripti, programu fupi ya amri. Mimi nashughulikia tovuti za aina hiyo hiyo huku Shela, Lamu, kwa hiyo nianze na lililoniaibisha.

Skripti nilikuwa nayo. Kila alfajiri ilisoma faili la cheti ndani ya seva, ikahesabu siku zilizobaki, na zikishuka chini ya 14 ingenitumia ujumbe. Siku moja baada ya alasiri mwenye nyumba akanipigia: "Mwanangu, mgeni wa Ujerumani asema tovuti yangu si salama, na pesa hataki kutuma." Nikamjibu, mama, haiwezekani, cheti kina siku 60. Nikaifungua kwenye simu hapo hapo gatini, punda wanapakuliwa saruji mbele yangu, na onyo jekundu likajaa kioo kizima.

Kumbe skripti haikusema uongo, na mgeni naye hakukosea. Vyeti vyetu ni vya Let's Encrypt, mamlaka inayotoa vyeti bure, vya siku 90, na programu ya certbot huvihuisha zikibaki 30. Cheti kipya kilishatolewa na faili lilikuwa mahali pake. Lakini nginx, programu inayowapa wageni kurasa za tovuti, husoma cheti inapowashwa au inapoamriwa isome upya, na hakuna aliyeiamuru. Mwezi mzima iliwapa watu cheti cha zamani kilichokuwa kwenye kumbukumbu yake, mpaka muda wake ukaisha. Dawa ni mstari mmoja tu: unaiongezea certbot `--deploy-hook "systemctl reload nginx"`. Ukitumia kiungo chake maalumu cha nginx hilo hufanyika lenyewe. Mimi nilikuwa natumia webroot, njia ambayo haiigusi nginx.

Tangu siku hiyo napima kutoka nje, kwenye mashine nyingine kabisa, kwa mlango ule ule anaopita mgeni, kwa openssl, programu ya kupimia vyeti:

`openssl s_client -connect tovuti:443 -servername tovuti </dev/null | openssl x509 -noout -checkend 1209600`

Hizo sekunde ni siku 14. Usiiache `</dev/null`, la sivyo amri itakaa inakungoja uandike kitu. Na `-servername` ni muhimu pale tovuti nyingi zinapokaa kwenye seva moja, usije ukapima cheti cha jirani.

Tarehe peke yake haitoshi. Kuna mteja aliyewekewa cheti bila kile cha kati kinachokiunganisha na mamlaka iliyokitoa. Kwenye Firefox yangu kila kitu shwari, kwa sababu brauza ilishakutana na cheti hicho cha kati kwingine na kukihifadhi. Kwenye kompyuta ya mhasibu wake, onyo. Nusu ya kwanza ya amri ile, kabla ya `|`, ukiiendesha peke yake hukwambia wazi: `Verify return code: 21`. Skripti yako itafute 0, na ikikuta namba nyingine yoyote ipige kelele.

Upande wa itifaki, yaani matoleo ya SSL na TLS yanayosimba mawasiliano ya brauza na seva, skripti ya kupimia iitwayo testssl.sh mara moja kwa wiki inatosha. TLS 1.0 na 1.1 zilistaafishwa rasmi Machi 2021, SSL 3.0 tangu 2015, zifunge bila huruma. Bakiza 1.2 na 1.3. Niliwahi kuizima na 1.2 kwa tamaa ya kuonekana fundi, na programu kuukuu ya mteja ya kupokea nafasi za wageni ikanyamaza siku mbili, tena msimu wa Desemba. Mteja akikudai alama ya juu kuliko zote kwenye vipimo vya usalama, mwulize kwanza nani huunganika na seva yake.

Mashine yangu ya kupimia ni Raspberry Pi, kompyuta ndogo, iliyopo dukani Langoni, na umeme wa huku mnaujua. Ikizimika, hakuna onyo litakalokuja, nami nitadhani mambo shwari. Kwa hiyo kila Jumatatu asubuhi hunitumia ujumbe "vyote vizima". Usipofika kabla ya saa tatu, natembea dukani.

Usiahirishe hili. Vyeti vya kuaminiwa na brauza vinafupishwa: mwisho ni siku 200 kuanzia Machi 2026, 100 kuanzia Machi 2027, na 47 kuanzia Machi 2029. Kwa tovuti nne, kuangalia kwa mkono hutaweza.

Ukimaliza kuandika yako, ielekeze kwanza expired.badssl.com, ambako cheti kimeachwa kimekwisha makusudi, uone kama ujumbe unakufikia. Yangu nitaibandika hapa usiku nikishafuta majina ya wateja.