Saa tisa usiku, moyo unapoanza kwenda mbio

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Hii habari ya hofu yangu ya usiku nimeiandika na kuifuta mara nyingi kwasababu niliona aibu, ila juzi kuna dada kanipigia usiku analia, anasema anahisi anakufa na hospitali wamemwambia haumwi kitu, nikajua sipaswi kukaa nayo tena.

Mimi nauza mitumba hapa Mwanza, Mlango Mmoja. Baba yangu alilala mzima kabisa, asubuhi tukamkuta ameshatutoka, wakasema ni presha. Tukazika, matanga yakaisha, watu wakatawanyika, nikarudi kwenye biashara nikijua nimeshapoa. Kama wiki 3 hivi baadae nikashtuka saa tisa usiku moyo unadunda mpaka nausikia masikioni, koo limebana, vidole vinakufa ganzi, nikaamini kabisa na mimi zamu yangu imefika. Nilikaa kitandani nimeshika kifundo cha mkono nahesabu mapigo huku naangalia saa ya simu mpaka nikasikia adhana ya alfajiri. Kesho yake tena. Ikafika mahali jua likianza tu kuzama naanza kukiogopa kitanda changu mwenyewe.

Nilienda hospitali, wakanibandika waya kifuani wakapima moyo, wakapima damu, sukari, presha, vyote vizuri. Daktari alinieleza kwa upole sana kwamba mwili ukiogopa unamwaga homoni, moyo unaenda mbio ili uweze kukimbia au kupigana, na ukihema haraka haraka hewa chafu inapungua mno kwenye damu ndio maana vidole vinakufa ganzi. Akasema hali ikianza toa pumzi polepole, iwe ndefu kuliko unavyoivuta. Nilimwelewa. Ila kuelewa mchana ofisini kwa daktari ni tofauti na kuelewa saa tisa usiku gizani.

Kilichoniumiza zaidi ni mpendwa mmoja niliyemweleza akaniambia Mkristo aliyeokoka kweli haogopi, hiyo ni dhambi, tubu. Nikatubu jamani, nikatubu mpaka machozi yakakauka, na usiku hofu ikaja vilevile safari hii imeongozana na hatia. Nawaomba sana, mtu akikwambia anaogopa usimjibu hivyo.

Aliyenisaidia ni mama mmoja wa jumuiya yetu, mtu mzima, alikuja na chupa ya uji akakaa na mimi kwenye mkeka. Hakuhubiri. Alinifungulia Zaburi 56 akasema mwanangu soma mstari wa 3, nikasoma, “Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe.” Akasema rudia, ona Daudi anaiita hofu YANGU, hajaikana. Halafu akanionyesha maandishi ya juu pale, kwamba ni wakati Wafilisti walipomkamata huko Gathi. Na Gathi ndiko kwao Goliathi! Yani huyu ni mtu aliyemuua Goliathi kwa jiwe, leo yuko mikononi mwa watu wa mji ule ule na anatetemeka, na anamwambia Mungu hivyo hivyo bila kuficha. Mimi nilikuwa nasubiri hofu iishe ndio nimtumaini Mungu. Kumbe Daudi alimtumaini siku hiyo hiyo anaogopa.

Usiku ule ilipokuja nikaunganisha maneno ya daktari na ya Daudi. Navuta pumzi, moyoni nasema siku ya hofu yangu, naitoa taratibu sana, nitakutumaini Wewe. Nilirudia sijui mara ngapi. Haikuondoka kama umeme ukikatika, hapana, ilipungua kidogo kidogo kama mvua inavyoacha, na nikalala kabla ya adhana kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Kingine nilichofanya nilichukua daftari la mauzo nikaligeuza, upande wa nyuma nikawa naandika kila ninachoogopa kwa jina lake. Sio “Mungu niondolee hofu” kwa ujumla, hapana, naandika naogopa kufa usingizini kama baba, naogopa nani atamsomesha mtoto, naogopa deni la balo lile la mitumba. Halafu nasoma moja moja kwa sauti mbele za Mungu. Petro anasema tumtwike Yeye fadhaa zetu zote, na sisi wa sokoni kutwika tunakujua, balo lina kilo 45, huwezi kumtwika mbebaji huku wewe bado umelishikilia kamba, mtaanguka wote. Lazima uachie. Kuna siku niliachia nikarudi kulichukua tena kabla hata ya chai, nikamtwika tena.

Na msidharau chakula na usingizi. Eliya alipochoka mpaka akaomba afe, malaika hakumpa mahubiri, alimwamsha akamwambia inuka ule, akala akalala tena, akaamshwa tena akala, sauti ile ndogo ya utulivu ilikuja baadae sana huko Horebu. Mimi nilikuwa nashinda na chai ya rangi na siku za kufunga zisizo na mpangilio, nikaacha kufunga kwa muda, nikawa nakula mapema, simu naiacha sebuleni. Kama daktari amekupa dawa meza, kama kuna mshauri wa kuongea nae nenda, Luka mwenyewe alikuwa tabibu na Paulo alimwita mpendwa.

Yule dada wa juzi nilimwambia tusiongee mengi, weka simu loudspeaker, tuvute pumzi pamoja. Tukasema ule mstari mimi na yeye, mara nyingine analia katikati tunaanza upya. Baadae akanyamaza, nikasikia tu anahema taratibu, nikajua amelala, nikakata simu.